Mamba Shingoni mwa Jembe

Jembe jipya likinunuliwa katika vilima vya Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, iwe Manyovu, Kasulu au kule juu Kibondo, huanzia kazi nzito: kuvunja ardhi ya msimu, kuchimba mashimo ya migomba, kung'oa visiki. Udongo wenye changarawe hulila kidogo kidogo. Bapa likishapungua upana wa vidole vitatu au vinne, jembe hushushwa cheo na kupelekwa kwenye palizi ya maharage, maana sasa ni jepesi na halijeruhi mizizi. Likizidi kwisha hupewa mtoto ajifunzie kulima. Mwishowe hubaki kipande kifupi kama kiganja, cha kuchimbulia viazi au kukwangulia tope mlangoni, na siku moja hutupwa nyuma ya jiko.

Kipande hicho cha nyuma ya jiko ndicho ninachokitafuta. Viwanda hugonga chapa karibu na tundu la mpini, shingoni mwa jembe, mahali ambapo udongo haufiki mara nyingi. Karatasi ya rangi iliyobandikwa kiwandani hubanduka mvua ya kwanza, na rangi yenyewe haimalizi msimu. Makali huisha. Chapa husalia. Paka kipande hicho vumbi la chaki, lifute kwa kiganja, kisha kigeuze ili jua la asubuhi likipige kwa ubavu. Chaki inabaki kwenye mashimo ya herufi, na kilichokuwa kutu tupu kinaanza kusema: pauni ngapi, mji gani, mnyama gani.

Ulaya na Marekani ukusanyaji wa zana kongwe ni shughuli yenye vyama, majarida na minada. Marekani wana Early American Industries Association tangu 1933. Uingereza wana Tool and Trades History Society tangu 1983. Huku kwetu anayezunguka kijijini akiomba kuona jembe lililochakaa huonekana ama mganga ama mnunuzi wa skrepa. Nimeitwa yote mawili. Hata hivyo ninashikilia kwamba historia ya watu wa nyanda hizi, wapi walikwenda kutafuta pesa, nani aliwajia na biashara, serikali iliwaahidi nini na ikawaletea nini, imegongwa kwenye vyuma vyao kwa uaminifu kuliko ilivyoandikwa kwenye majalada. Na tunaiuza kwa kilo.

Tuanze na mamba, kwa kuwa ndiye maarufu. Mwaka 1874 Ralph Martindale alianzisha kiwanda cha mapanga mjini Birmingham, Uingereza, na kiwanda hicho kikamchukua mamba kuwa alama yake. Jirani yake wa Wolverhampton, kampuni ya Chillington, naye akauza majembe yenye mamba. Mnyama huyo akasambaa Afrika nzima, magharibi na mashariki, mashamba ya kakao na mashamba ya kahawa. Walichofanya Waingereza wale kilikuwa na akili ya duka: mteja wao wa mbali huenda hasomi Kiingereza, huenda hasomi kabisa, lakini mamba anamjua. Akishakuta panga la mamba limemfaa misimu miwili, atarudi dukani kuomba mamba, na hakuna mwenye duka wa kumdanganya kwa maneno. Ndiyo maana makabati ya maduka ya vifaa yamejaa wanyama hadi leo. Yupo simba, yupo jogoo wa viwanda vya China, yupo hata samaki aliyenasa kwenye ndoana, ambaye alianza kuwa alama ya misumeno ya Sandvik ya Sweden mwaka 1886. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika hakuhitaji mkalimani wa kumwelezea alama ile.

Lakini kabla ya mamba na jogoo palikuwa na jembe lisilo na chapa yoyote, na kwa hilo hatuna budi kurudi nyuma.

Chuma cha magharibi ya Tanzania ni cha kale sana. Kaskazini mwa Kibondo, ng'ambo ya Biharamulo, katika nchi ya Wahaya, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978, katika jarida la Science, ushahidi kwamba wahunzi wa huko walikuwa wakiyeyusha chuma cha daraja la juu karibu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Kwa maelezo yao, mirija ya udongo ya mivukuto iliingizwa ndani ya tanuri, hewa ikapata joto kabla haijaufikia mkaa, na moto ukawaka kwa ukali ambao Ulaya ya enzi hizo haikuwa nao. Mashariki yake, Wazinza na Warongo wa pande za Geita walikuwa mabingwa wa majembe. Yalikuwa na bapa lenye umbo la moyo na mkia mrefu uliochongoka; mkia huo ulipenyezwa kwenye kifundo cha mpini kilichotobolewa kwa chuma cha moto. Majembe hayo yalikuwa zana, yakawa pia fedha. Yalilipiwa mahari, yalilipiwa kodi kwa watemi, yalibadilishwa kwa mbuzi na chumvi. Afisa wa Kijerumani aliyekaa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikadiria kuwa majembe yapatayo 150,000 yalikuwa yakipita katika soko la mji ule kwa mwaka mmoja.

Majembe 150,000, yaliyofuliwa kwa mkono, na hakuna hata moja lenye jina. Mnunuzi alilijua jembe kwa mkono wa aliyelifua: unene wa uti wa katikati, mkunjo wa mabega, mlio wake likigongwa na jiwe. Siku hizi nikikutana na mojawapo, na huwa nadra, halinipi herufi ya kusoma. Ninachoweza ni kulipima, kulichora na kumuuliza mwenye nyumba lilitoka kwa nani. Ukoo wa mhunzi ndio uliokuwa nembo, na ukoo hauachi alama kwenye chuma.

Walioiua biashara ile hawakuwa wahunzi wa kienyeji wenyewe kwa wenyewe. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, na mabehewa yalileta bidhaa za chuma za viwandani kwa bei ambayo mtu wa mkaa na mivukuto asingeiweza. Zana za Kijerumani zilitoka hasa Remscheid na Solingen, miji ya mafundi wa chuma katika bonde la mto Wupper. Na hapa pana kisa ambacho kila mnunuzi wa Kariakoo angekifurahia.

Katika karne ya 19 watengenezaji wa visu wa Sheffield, Uingereza, walilalamika kwamba Wajerumani wanaiga bidhaa zao na kuzigonga jina la Sheffield. Walikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa chama chao cha mafundi visu kilikuwa kikisajili alama za mafundi tangu 1624. Bunge la Uingereza likapitisha mwaka 1887 sheria ya alama za bidhaa, iliyolenga bidhaa za kigeni zenye majina ya kupotosha. Ndipo maneno "Made in Germany" yalipoanza kugongwa kwenye vyuma. Yalikusudiwa kuwa alama ya fedheha, ili mnunuzi ajue hii ni feki. Haikupita muda mrefu, ubora wa Mjerumani ukapanda na maneno yale yale yakageuka kuwa sifa. Leo fundi wa gereji Kasulu akiona "Germany" kwenye spana, bei inapanda palepale, hata kama spana ilitengenezwa mwaka jana na mtu asiyejua Ujerumani iko wapi. Tanzania nayo ina sheria yake ya alama za bidhaa ya 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na shehena za bidhaa bandia hukamatwa na kuteketezwa. Malalamiko ya Sheffield hayajazeeka.

Baada ya Mjerumani alikuja Mwingereza, na kodi yake ya kichwa. Kwa Waha kodi ile ilikuwa na maana moja: mwanamume aende pwani. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji watu, na nyanda hizi zikawa kisima cha kuchota nguvu kazi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya pamoja ya kuandikisha vibarua, Sisal Labour Bureau, ambayo kila mzee wa Kasulu anaijua kwa jina la SILABU. Mtu aliandikishwa, akapewa namba, akapakiwa lori hadi reli, akapotelea mkongeni mwaka mmoja, miwili au zaidi. Kutokana na namba hizo wakaitwa manamba.

Wale walioitikia "manamba" ndio walioleta zana nyingi za viwandani kwenye vijiji vilivyo mbali na barabara. Waliorudi walirudi na blanketi, sanduku la bati, pengine baiskeli, na ndani ya sanduku mkataji mkonge alikuwa na kisu chake. Kisu cha mkonge hukitambua upesi: bapa jembamba, refu, halina tumbo kama panga la shambani, kwa sababu kazi yake ni kukata jani kwenye shina, moja baada ya jingine, siku nzima. Juu ya kilima cha Buha, ambako hakuna mkonge, kisu hicho kilipewa kazi za kukatia majani ya migomba na nyasi za kuezekea. Ukikikuta kwenye paa la nyumba ya zamani, kikiwa na mpini uliofungwa waya, umemkuta manamba. Muulize mjukuu, atakwambia babu alikuwa Tanga.

Pamoja na visu hivyo yapo mapanga ya aina nyingine, mazito, yenye mshale uliogongwa kando ya jina la mtengenezaji, na mara nyingine mwaka: 1943, 1944. Mshale ule ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ni zana za vita. Askari wa King's African Rifles kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipigana Burma mwaka 1944 chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakifyeka njia msituni. Vita vilipokwisha, vifaa vya jeshi viliuzwa na vingine vilitembea vyenyewe, kama vifaa vya jeshi vifanyavyo kila mahali. Sitathubutu kusema kila panga la mshale lilivuka Bahari ya Hindi begani mwa mwana wa Buha. Ila lilitengenezwa kwa ajili ya safari hiyo.

Kwa jembe na panga, chapa ni fupi. Ukitaka kusoma zaidi, nenda kwa seremala.

Mtaa wa mafundi wa Kasulu una karakana za mbao zilizobanana, harufu ya mninga na paini imechanganyika, na siku hizi mlio wa randa ya umeme unafunika kila neno. Karakana niliyoizoea ni ya mzee mmoja ambaye bado anamalizia milango kwa mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta kazi au umekuja tena kutazama vyuma?"

Sanduku lake la zana ni kubwa, la mbao, lenye bawaba zilizofuliwa na mhunzi. Anatoa randa moja na kuiweka juu ya benchi kwa upole wa mtu anayemlaza mtoto. Ni randa ya chuma yenye vishikio vya mbao vilivyong'aa kwa jasho. Mbele, kwenye mwili wa chuma, limeyeyushiwa jina BAILEY, na namba 5. Mzee anaiita Bailey, na mafundi wengi huamini Bailey ni kampuni. Leonard Bailey alikuwa mtu, fundi wa Boston, Marekani, aliyebuni katika miaka ya 1860 namna ya kupandisha na kushusha kisu cha randa kwa kuzungusha gurudumu dogo la shaba, badala ya kukigonga kwa nyundo na kuomba Mungu. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley ya New Britain, jimbo la Connecticut, ilinunua haki zake. Namba 4 ni ndogo, ya kulainishia. Namba 5 ina urefu wa inchi 14 na hufanya kazi zote.

Mzee ananiruhusu kuifungua. Ukitoa kisu na kile kikalio cha chuma kinachokibeba, nyuma yake kuna maandishi ambayo mwenye randa anaweza kuishi nayo maisha yake yote bila kuyaona. Randa za Marekani za zamani zimeandikwa hapo tarehe za hataza, mfano APR-19-10. Wengi hudhani ndiyo siku ilipotengenezwa. Sivyo, ni siku haki ya ubunifu ilipotolewa, 19 Aprili 1910, na randa yenyewe imetengenezwa baada ya hapo. Hii ya mzee haina tarehe. Ina maneno MADE IN ENGLAND. Stanley ilinunua kiwanda mjini Sheffield katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, kwa hiyo randa hii ni ya baada ya hapo, na kwa rangi ya vishikio vyake ningeiweka baada ya vita.

"Nani alikupa, mzee?"

"Mwalimu wangu wa ufundi. Naye alipewa na mapadri, walipofunga karakana."

Misheni ndizo zilizokuwa vyuo vya ufundi vya nyanda hizi. Kabanga ya Wakatoliki, Heri ya Wasabato, na misheni za Waanglikana zilihitaji mabenchi, madirisha, mapaa na vitanda vya hospitali, na hazikuwa na pa kununua. Kwa hiyo zikafundisha vijana. Sanduku la mzee linayo makombo ya masomo hayo: keekee ya mkono, patasi zilizofupika kwa kunolewa, jiriwa ya Record. Record nayo ina kisa. Ni jina la biashara la C. & J. Hampton wa Sheffield, ambao mwaka 1931, haki za Bailey zikiwa zimeshakwisha muda, walianza kutengeneza randa zilezile na hata namba zilezile, ila wakatanguliza sifuri. Stanley 4 ikawa Record 04; Stanley 5 ikawa 05. Kisheria hakuna aliyeibiwa. Mafundi wengi wa Tanzania wataapa kwamba Record ni bora kuliko Stanley ya Kiingereza, na mimi nipo upande wao: chuma chake ni kizito na hakitetemeki kwenye mninga.

Chini kabisa mwa sanduku kuna mwiko wa mwashi wenye herufi W.H.S. Hizo ni herufi za William Hunt & Sons, wenye viwanda vya Brades karibu na Birmingham, wafuaji wa chuma tangu 1782. Wafanyakazi wa kule walizipa herufi zile maana yao wenyewe: chapa kazi au ufe njaa. Nilipomweleza mzee alicheka mpaka akakaa. Akasema huo mwiko basi ni wa Kibondo.

Na ile spana inayopanuka na kubana, ambayo mafundi wote wa nchi hii wanaiita spana malaya bila kuona haya, ikiwa na neno BAHCO mgongoni, imetoka Sweden. Johan Petter Johansson wa Enköping alipata hataza yake mwaka 1892, na muuzaji wake, B. A. Hjorth & Co., akaunganisha herufi za jina lake kuwa chapa. Johansson alibuni, Hjorth akajulikana. Hayo ni ya kawaida katika historia ya zana.

Uhuru ulipokuja, jembe lilipanda hadi kwenye nembo ya taifa. Tazama ngao: shoka na jembe vimepishana hapo. CCM ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977 ikachukua jembe na nyundo. Lakini jembe la kwenye ngao lilikuwa likiagizwa nje, na baada ya Azimio la Arusha hilo halikuvumilika. Kiwanda cha zana za kilimo kikajengwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China, kikaitwa UFI. Baadaye Mbeya nako kukawa na Zana za Kilimo, ZZK. Kipande cha jembe chenye herufi UFI ndicho ninachokipenda kuliko mamba wote. Si kwamba kilikuwa bora. Wazee wengine watakwambia wazi kuwa mamba alidumu zaidi. Nakipenda kwa kuwa ndiyo chapa ya kwanza ya kiwandani, kwenye lundo langu, iliyogongwa na Mtanzania.

Herufi hizo pia ni chapa ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, chuma cha kutengenezea majembe kikawa cha kuagizwa kwa foleni, na jembe likawa bidhaa ya kugawiwa. Mkoa wa Kigoma uko mwisho wa reli. Kilichopungua Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha kabisa kilipotarajiwa Kibondo. Wahunzi wakarudi kazini. Safari hii hawakuyeyusha udongo wenye chuma, walifua springi za magari. Majani ya springi za Land Rover yalikatwa, yakapashwa moto, yakawa mapanga, mashoka na tezo za kuchongea mizinga ya nyuki, kwa maana Kibondo inaishi pia kwa asali ya misitu ya Moyowosi. Shoka la springi halina chapa, ila ukilichunguza upande wa bapa utaona bado mkunjo hafifu wa springi au nusu ya tundu la bolti lililofungwa kwa nyundo. Mafundi wakubwa hulifunga kabisa. Mimi hulipa zaidi kwa lile ambalo tundu linaonekana.

Mwaka 1993 Burundi ikawaka, na wakimbizi wakamiminika Kibondo na Kasulu. Wakongo wakafuata, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa 1996. Zana za msaada zikaingia kwa wingi ambao nyanda hizi hazikuwahi kuuona, majembe ya bei nafuu, mepesi, yenye rangi nyekundu au bluu. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda mbali na kambi kilomita 4 bila kibali, kwa hiyo jembe lake lilikuwa na kazi ndogo kuliko njaa yake, na mara nyingi lilibadilishwa kwa mihogo na unga katika vijiji jirani. Nimekuta zana za aina hiyo kwenye nyumba za wenyeji ambao hawakuwahi kupewa msaada wowote. Mkusanyaji wa zana za kale atasema hizo bado ni mpya, hazistahili kuwekwa. Nadhani anakosea, na baada ya miaka 30 atazitafuta.

Kuna njia moja zaidi ya zana kufika huku, na inamchanganya kila anayesoma chapa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 lilianzishwa Uingereza shirika liitwalo Tools for Self Reliance, lenye makao Netley Marsh, karibu na Southampton. Wastaafu wa kujitolea walikusanya zana kuukuu kutoka kwenye vibanda vya bustani, wakazisafisha, wakazinoa, wakazipanga kwenye masanduku kwa fani: useremala, uhunzi, ushonaji, ufundi magari. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopelekewa, na mshirika wake hapa akawa SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa 1973. Kwa hiyo randa ya mwaka 1920 ikikutwa kwenye karakana ya mkoani haina maana kwamba imekuwa hapa tangu 1920. Tazama ncha yake kama ni ya mbao. Mafundi wa Kiingereza waligonga majina yao hapo, jina juu ya jina kila randa ilipobadili mikono. Randa yenye majina mawili ya Kiingereza na herufi za kwanza za Mha zilizochongwa kwa kisu ubavuni inakuonyesha mistari mitatu ya urithi, na mrithi wa tatu hakuwahi kukutana na wale wawili.

Pamoja na hayo yote, aliyenunua zana nyingi kuliko mtu yeyote katika wilaya hizi ni mnunuzi wa chuma chakavu. Anakuja na baiskeli na mizani ya kuning'iniza. Anang'oa mpini, anautupa, anapima. Jembe la UFI, kisu cha manamba na bomba la pikipiki kwake vina bei moja, na vyote huishia kwenye tanuri la kuyeyushia nondo. Sina ugomvi naye. Ana watoto wanaosoma.

Anayetaka kuanza asikimbilie kusafisha. Brashi ya waya na jiwe la kunolea hufuta chapa kwa dakika chache. Loweka kwenye mafuta ya taa usiku mzima, sugua kwa kitambaa na majivu laini, kisha paka mafuta mepesi ya mashine. Mawese yaache jikoni. Katika baridi ya Kasulu yanaganda na kushika vumbi. Weka karatasi juu ya chapa na upitishe penseli kwa ubavu ili upate nakala, hata kama mwenyewe hataki kuuza. Andika kijiji, kazi ya mwisho ya zana hiyo na alivyoipata mwenyewe. Mpini usiutupe, maana mti wake ni wa hapa na umbo lake limechongwa kwa mkono wa mtu mmoja.

Mzee wa Kasulu hajaniuzia randa yake, na nilipomuuliza bei alinijibu kwa swali: "Ukiichukua, nitarandia meno?" Kwa hiyo nimebaki na nakala ya penseli. Mnunuzi wa skrepa tumeelewana vizuri zaidi. Chochote chenye maandishi anakiweka kando, nami namlipa bei yake ya kilo na nyongeza kidogo ya soda. Juzi ameniwekea shoka lililoliwa na kutu nusu nzima ya jina, zikabaki herufi nne za mwisho, WELL. Kwa jinsi shavu lake lilivyo, naliona ni la Edward Elwell, wafuaji wa Wednesbury tangu 1817. Mnunuzi alitaka kujua kama hiyo inaongeza soda. Tukakubaliana mbili.